Tairi la Maziwa

Fungua buti la Nissan Leaf utafute spea, utatafuta mpaka Ramadhani ijayo. Waliolitengeneza waliona wapunguze uzito, wakakuwekea kompresa ndogo ya volti 12 na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Chupa yangu ilikuja na gari kutoka Japani, maandishi yote ya Kijapani, ila tarakimu hazina ukabila: muda wake uliisha 2019.

Msumari wa inchi 4 ukanipata karibu na Mlandizi, tairi la nyuma kushoto, katikati kabisa ya kashata, pale panapokanyaga barabara. Tundu la aina hiyo, lisilozidi milimita 4 au 5, dawa ambayo haijapita muda wake huliziba: unaisukuma ndani kwa kompresa, unaondoka papo hapo bila kuvuka kilomita 80 kwa saa ili isambae, kisha unasimama kupima upepo. Yangu ilikuwa imeganda nusu, nusu uji. Kwa fundi pancha nilifika na upepo wa psi 12, gari limeinama kama linasalimia wakwe.

"Shikamoo mzee. Mbona hii gari haina eksozi?" aliuliza dogo wa pale, kichwa tayari kiko uvunguni.

"Marahaba. Ya umeme hiyo."

Alichomoka huko kwa kasi, akarudi na spana ya magurudumu iliyoviringishwa fulana. Nati hazina umeme hata chembe, wala rimu. Wa kuogopwa ni ule wa betri kubwa, volti zaidi ya 300, nao unapita kwenye nyaya nene za rangi ya chungwa, mbali kabisa na gurudumu. Dogo alinisikiliza kwa adabu, kisha akapanda juu ya ubao.

Fundi mwenyewe alikuja na jeki la chupa la lori la mchanga, akalisukuma moja kwa moja katikati ya sakafu. Nilipiga yowe mpaka muuza mahindi akaangusha koleo. Pale katikati ndipo ilipolala betri, karibu kilo 300, na jeki likiibonyeza pale, bei ya pancha inageuka bei ya kiwanja. Gari hili linanyanyuliwa kwenye ukingo wa chuma chini ya milango, penye mapengo mawili madogo karibu na kila gurudumu. Jeki likae katikati ya mapengo hayo, na kama kichwa chake ni bapa, weka kipande cha ubao chenye mfereji ili ukingo usipinde. Nati zilegezwe tairi likiwa bado chini, na mawe yawekwe magurudumu ya mbele. Haya yote fundi aliyafanya vizuri, akinung'unika kwamba hajawahi kuona gari lenye masharti kama ya mganga.

"Fundi, angalia, humo ndani kuna dawa."

"Dawa? Kwani tairi lina malaria?"

Tairi la namna hii hutolewa sindano ya valvu polepole, valvu ikiwa juu, ili dawa itulie chini na upepo utoke peke yake. Fundi aliiweka valvu chini, akaing'oa. Uji mweupe unaonuka amonia ukamruka kuanzia kidevu hadi mkanda, na uliobaki ukampata dogo aliyekuwa amechungulia.

"Mama yangu! Tairi linanyonyesha!"

Kilichofuata kilikuwa kazi safi. Alisukutua ndani kwa maji, maana gundi ya kiraka haishiki juu ya dawa, akakausha, akakwaruza mpira kuzunguka tundu, akapaka gundi na kuiacha mpaka ikanata bila kulowesha kidole, ndipo akabandika kiraka kwa ndani na kukisugua kutoka katikati kwenda pembeni. Msumari ungeingia ubavuni, hakuna kiraka. Ni tairi jipya. Na hapo soma namba ya uzito: langu ni 205/55R16 91, na hiyo 91 ya mwisho maana yake ni kilo 615 kwa tairi, na gari tupu lina kama tani moja na nusu. Usikubali namba ndogo kwa sababu ni rahisi.

"Niweke 30 kama Vitz?"

"36."

Akaweka 36, nati tano akazikaza kwa msalaba. Nilikanyaga breki, nikabonyeza kitufe, kigari cha kijani kikawaka kwenye dashibodi. Kimya.

"Limekufa," alitangaza muuza mahindi.

"Limewaka," nikasema.

"Limewaka wapi, braza? Vijana, sukumeni!"

Wakajipanga nyuma, wengine wametoka kibanda cha pili. Wakahesabu moja, mbili, gari likawa bado liko P, halikutikisika hata kidogo. Walipofika tatu nikaweka D. Likateleza taratibu, wao nyuma wakikimbia na kushangilia kwa vigelegele, mpaka nikasimama kwenye mwembe.

Dogo alikuja dirishani anahema, mweupe kifuani.

"Bosi, ya pancha tumemalizana. Imebaki ya kulistua."

"Kiasi gani?"

"Tuko sita, buku buku. Na fundi anaomba ya sabuni."