Dagaa wa kuku, udongo wetu

Mwandishi wa makala hii ya upungufu wa damu anasema akina mama wale maini na nyama waongeze damu, sawa, ila kilo ya nyama huku Mwanza sio ya kila siku jamani. Dagaa wapo hapo Kirumba Mwaloni, wana madini chuma, wanapakiwa magunia wengine wanaenda kusagwa chakula cha kuku, sisi tunabaki kutafuna udongo (na mjamzito akiwa na hamu ya udongo kila saa apimwe damu, huenda imepungua, msiseme ni mimba tu).

Kingine mmeruka, chai. Watu wanashushia msosi na chai ya rangi, wengine ndo wanamezea vidonge vya fefo (vya kuongeza damu) kabisa, wakati chai inazuia chuma kuingia mwilini, bora maji ya limao.

Halafu tusilaumu msosi peke yake, malaria na minyoo ya safura vinamaliza damu, kichocho nacho, watoto si wanashinda ziwani humohumo. Mtoto wa miaka 2 hadi chini ya 5 akipimwa damu ikawa chini ya 11 (gramu kwa desilita) tayari ana upungufu, msisubiri viganja viwe vyeupe. Na fefo zikileta kichefuchefu mwambieni nesi, choo kuwa cheusi ni kawaida.