Asilimia sitini zangu nimezikuta kwenye shamba la viazi

Akili ndo kila kitu, hilo silibadilishi hata baada ya yaliyonikuta kule juu ya Igawilo.

Kipindi hicho nilikuwa nashinda kwenye video za yule Mmarekani, David Goggins, komandoo wa jeshi la maji aliyestaafu, jamaa mwaka 2013 alining'inia kwenye chuma akajivuta juu mara 4,030 kwa masaa 17. Yeye anasema mwili ukilia basi jua umetumia asilimia 40 tu, sitini bado zipo zimelala. Afu kuna profesa wa Afrika Kusini, Tim Noakes, anasema ubongo ndo unakubania kabla mwili haujafika mwisho, kama kile kidhibiti mwendo cha basi, dereva anakanyaga lakini gari inagoma kuvuka 80. Wataalamu wenzake wanambishia ila mimi nilimwelewa siku ileile.

Nikaanza mazoezi ya akili. Kuoga maji ya bomba alfajiri, mwezi wa sita, Mbeya. Aliyewahi kuishi Uyole hapo ameshanielewa. Dada yangu akawa ananiuliza, "We mdogo wangu, umetubu nini?" simjibu, maana kanuni yangu kubwa ilikuwa moja, sauti yoyote ikikwambia simama, rudi, pumzika, hiyo ni sauti ya udhaifu, ipite.

Sasa ikaja mbio moja ya hisani, kilomita 10, tunatoka Uyole tunagusa Igawilo tunageuza. Nikafunga simu mkononi app inahesabu, spika masikioni sauti mpaka mwisho, kuna mtu ananifokea Kiingereza sielewi nusu lakini moyo unapanda. Igawilo nikaona kijana kashika kibendera kaninyooshea mikono anapiga kelele, nikajua huyu ndo udhaifu wenyewe umekuja na tisheti ya waandaaji. Nikampita.

Barabara ya Tukuyu baada ya pale inapanda, inapanda mpaka unaanza kuwaza Isyonje na ule ukungu wake. Mapafu yanawaka moto, nikamkumbuka mzee wetu John Stephen Akhwari, Mexico 1968, alianguka goti likateguka na akamaliza marathon zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, watu wengi wameshaondoka uwanjani. Kama yeye aliweza na goti lile, mimi na magoti mawili mazima nisimame kwa sababu gani? Tofauti ambayo sikuiwaza ni kwamba Akhwari njia alikuwa anaijua.

Nyuma ikaja bodaboda, wametumwa wanifuate. Dereva anapunga mkono, "Kaka panda! Mbio zimeishia kule!" Mimi nasikia panda tu. Yani shetani kaleta mpaka usafiri! Nikaongeza mwendo. Yule dereva akachoka kubembeleza, akawapigia kelele wamama waliopanga ndoo za viazi barabarani, "Msimamisheni huyo!"

Jamani. Huyo gani? Kufumba na kufumbua vijana washatoka na majembe, mmoja kashaanza, "Mwizi! Mwizi!" Spika zikadondoka, nikasikia vizuri.

Hapo ndo zile asilimia sitini zikaamka, zote, na nyingine nadhani nilikopeshwa. Nikaruka mfereji nikaingia kwenye matuta ya viazi, mvua ilinyesha usiku, udongo unavuta kiatu, kimoja kikabaki, sikuagana nacho. Nikateleza nikalala kifudifudi mbele ya mzee mmoja kashika fimbo. Akanigeuza, akaitazama ile namba ya mbio kifuani, akawageukia wenzake, "Mwizi gani huyu anatembea na namba?"

Mama mmoja akafika anahema, "Mwee, baba, sasa ulikuwa unakimbizwa na nani?" Na kwa kweli hapo jibu sikuwa nalo, maana nikisema na udhaifu wangu wananipeleka kwa mchungaji.

Mzee hakutaka maelezo, alitaka hela ya viazi nilivyokanyaga. Nikamlipa kwa simu, dada akanitumia huku anacheka mpaka anakohoa. Bodaboda naye akadai yake, ya kuja na ya kurudi, eti kwenda alinisindikiza.

Tulivyofika Uyole mahema yanafunguliwa, medali zimeisha. Ila ile app sikuwa nimeizima, ikanipongeza, rekodi mpya, kilomita moja kwa dakika moja na nusu, ile ya kwenye pikipiki tunashuka. Nikaiweka status. Mpaka jioni watu walikuwa bado wanatuma hongera, na kuna jamaa wa Mwanjelwa ananiomba nimfundishe, tunaanza Jumatatu.