Sindano Hii Ilianzia Kampala

Wiki iliyopita mwalimu wa binti yangu alituma ujumbe kwenye kundi la wazazi: wasichana wa miaka 9 hadi 14 watapewa chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, Jumanne, hapohapo shuleni. Hata robo saa haikupita, sauti zikaanza kumiminika. Mzazi mmoja akasema chanjo hiyo inafunga kizazi. Mwingine akauliza swali ambalo halijanitoka kichwani: "Hivi wamejuaje? Saratani na virusi wapi na wapi?"

Hilo la kufunga kizazi ni uzushi, na nililijibu palepale. Lakini swali la pili ni swali la haki kabisa. Mtu akitaka kumchoma mwanao sindano, una haki ya kuuliza amejuaje. Tatizo ni kwamba jibu lake halienei kwenye sauti ya dakika mbili, kwa sababu ndani yake kuna kazi ya maisha ya mtu mzima. Mtu huyo ni Harald zur Hausen, Mjerumani aliyezaliwa Gelsenkirchen mwaka 1936, akasomea udaktari, kisha akatumia miaka yake karibu yote maabara akitafuta virusi ndani ya saratani. Ila kisa chenyewe naanza kukisimulia hapa jirani, Kampala.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akakutana na wengine wenye uvimbe wa namna ileile. Alipofuatilia, akaona ugonjwa huo unafuata joto na mvua, kama malaria. Machi 1961 alikwenda London kutoa mhadhara kuhusu watoto hao, na mmoja wa waliokaa kumsikiliza alikuwa mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, ambaye papo hapo akashuku virusi. Tangu hapo vipande vya uvimbe vikawa vinapakiwa Uganda na kusafirishwa kwa ndege hadi maabara yake London. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu.

Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli moja ilikuta ukungu London, ikaenda kutua Manchester. Sampuli ilipofika maabara jioni, maji yake yalikuwa yamechafuka kama maji ya mchele. Mtu mwingine angeimwaga, akiamini imeshaingiwa na bakteria. Epstein akaweka tone chini ya hadubini, akakuta seli za uvimbe zinaelea, ziko hai. Akazikuza, na mwanzoni mwa 1964, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakaona virusi ndani yake. Ndivyo dunia ilivyopata kirusi cha kwanza kilichohusishwa na saratani ya binadamu, kutoka kwenye mwili wa mtoto wa Uganda. Ninaposikia watu wanasema haya ni mambo ya wazungu yasiyotuhusu, moyo unaniuma, maana watoto wale walitoa miili yao na majina yao hatuyajui.

Virusi hivyo vilifika hadi Philadelphia, Marekani, kwa watafiti mume na mke, Werner na Gertrude Henle, na humo ndimo kijana zur Hausen alimojifunzia kazi. Wenzake wengi walitafuta virusi vinavyoonekana kwa macho chini ya hadubini. Yeye alijiuliza: je, kama kirusi kimeshaacha kuzaliana, na kilichobaki ndani ya seli ni vinasaba vyake tu? Aliporudi Ujerumani alichukua vinasaba vya kirusi hicho cha Epstein, akavitia mionzi ili aweze kuvifuatilia, akavichanganya na vinasaba vya seli za uvimbe. Vinasaba vinavyofanana hushikana, kama pande mbili za zipu moja. Vilishikana, hata katika seli ambazo kila mtu aliamini hazina kirusi chochote. Hiyo ilikuwa 1970.

Akapeleka mbinu hiyohiyo kwenye saratani ya mlango wa kizazi. Wakati huo wataalamu wakubwa walikuwa na hakika kwamba chanzo chake ni kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri. Zur Hausen akatafuta vinasaba vya kirusi hicho katika sampuli moja baada ya nyingine, akaambulia patupu. Mwaka 1974, kwenye mkutano wa Key Biscayne, Florida, alisimama akasema hivyo. Ukumbi ulimpokea kwa ubaridi. Nami hapo ndipo ninapomheshimu kuliko siku aliyopokea Tuzo ya Nobel. Ni rahisi kupata patupu ukanyamaza, au ukaendelea kuchimba palepale wanapochimba wakubwa. Yeye alisema hadharani hakuona kitu, kisha akageukia mahali ambapo wengi hawakupatilia maanani: chunjua.

Alikuwa amesoma taarifa za zamani za madaktari walioona chunjua za sehemu za siri zikigeuka saratani. Yeye na wenzake wakaanza kukusanya chunjua za kila namna, za miguuni, za sehemu za siri, za kooni kwa watoto, na kugundua kwamba kirusi cha chunjua, ndicho HPV, si kimoja, ni ukoo mzima. Karibu miaka kumi ikapita. Mwaka 1983 wakatangaza HPV namba 16, waliyoikuta katika takriban nusu ya sampuli za saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka uliofuata ikaja namba 18. Hizo mbili kwa pamoja ndizo chanzo cha karibu asilimia 70 ya saratani hiyo duniani. Namba 18 ilikutwa hata ndani ya seli za Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1951 kwa saratani hiyohiyo. Seli zake zilikuwa zimetumika katika maabara za dunia nzima kwa miaka zaidi ya thelathini, na jibu lilikuwa humo muda wote.

Kirusi hiki hukaa kimya mwilini, mara nyingi miaka 15 hadi 20, kabla ya saratani kujitokeza. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyepata matibabu huweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Ndiyo maana sindano inachomwa utotoni, kabla mtoto hajakutana nacho. Na ndani yake hamna kirusi, hai wala mfu. Mna protini ya ganda lake la nje, lisilo na kinasaba hata kimoja, linaloufundisha mwili kumtambua adui kabla hajabisha hodi.

Katikati ya miaka ya 1980 zur Hausen aliomba kampuni ya dawa itengeneze chanjo, akajibiwa haitakuwa na soko. Chanjo ilikuja 2006.

Soko. Mama yangu mdogo alianza kuona damu miaka kadhaa baada ya hedhi kukoma. Akacheka, akasema Mungu amemrudishia ujana. Zahanati ya mtaani wakampa dawa za UTI, mara mbili. Alipoanza kukunja khanga mara nne kila akitaka kuketi, ili asichafue kiti cha mtu, ndipo tulipomchukua kwa nguvu kwenda hospitali kubwa. Saratani ilikuwa imeshasambaa. Mwaka jana nilipokwenda kupimwa saratani hiyo kwa siki, muuguzi akapaka siki kwa pamba na kuniambia tusubiri kidogo tuone kama kuna doa jeupe, dakika ile yote nilikuwa namuwaza yeye. Kipimo chenyewe kilikuwa hicho tu, pamba na siki.

Mwaka 2022 saratani hii iliua wanawake wapatao 350,000 duniani, wengi mno wakiwa wa nchi kama zetu. Tanzania ilianza kuchanja wasichana nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Rwanda walitutangulia, 2011. Zur Hausen alipata Nobel mwaka 2008, akafariki Mei 2023 akiwa na miaka 87, na miaka yake ya mwisho alisisitiza jambo moja ambalo mimi naliunga mkono kwa mikono miwili: wavulana nao wachanjwe. Kirusi hiki kinapita kwao, na kinawaletea wao pia saratani za koo na sehemu za siri.

Jumanne binti yangu alirudi na mkono wa kushoto unauma kidogo, akitaka aandaliwe chai kama mgonjwa. Kaka yake wa miaka 12 akauliza mbona yeye hajachomwa. Nilimwambia kwa sasa serikali inawachanja wasichana tu. Akauliza kwa nini, na nikawa sina jibu la kumridhisha mtoto, wala la kuniridhisha mimi.