Chungwa Lililopotelea Ngerengere

Miongoni mwa vifaa vya kupimia ubora wa makazi ya samaki mtoni, kimoja tu hununuliwa gengeni, nacho ni chungwa. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi. Ukihesabu sekunde linazotumia kupita mita 10, ukagawanya 10 kwa sekunde hizo, kisha ukazidisha jibu kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yanayokwaruzana na mawe ya chini, unapata kasi ya mto.

Tulikuwa katika Mto Ngerengere, unaoshuka kutoka milima ya Uluguru kwenda kuungana na Ruvu, mahali ambapo mkuyu umeinamia maji na jabali limeugawa mkondo. Nililitosa chungwa, naye mwenzangu akasubiri mita 10 chini, saa mkononi. Chungwa likapita nyuma ya jabali, lisitokeze. Kwa hesabu ya saa ile mto ulikuwa umesimama kabisa, ilhali maji yake yalikuwa yakinivuta hata nikashika mizizi. La pili nalo likapotelea hapo hapo.

Kiongozi wetu, msomi wa shahada kadhaa, akatangaza kwamba huko nyuma pana shimo refu, na kwamba mashimo ya aina hiyo ndiyo kimbilio la samaki wakubwa maji yanapopungua wakati wa kiangazi. Akapaandikia alama za juu kabisa, kwa wino, kisha akanituma nikapime kina.

Maji yalinifika magotini. Juu ya jiwe alikuwa ameketi mzee mwenye ndoana, maganda yamelundikana kando yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo mto una baraka," akajibu, akitema mbegu.

Nilimweleza kwa heshima kwamba alikuwa amekula vifaa vya utafiti, na kwamba tulitaka kujua kama samaki wanapapenda hapo. Akaninyanyulia kambale wake.

"Huyu hata topeni anakaa," akasema, na ni kweli, maana kambale huvuta hewa ya juu maji yanapopungukiwa oksijeni. "Wale wanaotaga kwenye mawe ndio waliohama, tangu udongo wa mashamba ulipoanza kuyafunika."

Chungwa la mwisho lilipita chini ya ulinzi wake, kwa sekunde 25, yaani mita 0.34 kwa sekunde. Babu akalisindikiza kwa macho ya huzuni, kisha akashauri kwamba safari ijayo tupime kwa maembe.