Mama mkwe na kona ya ng'ombe

Kwa wasiojua, wenzetu wa Ulaya na hata Afrika Kusini wana viwanja vya lami kabisa vya kukimbizia pikipiki, kama pale Kyalami kwa wale wa Johannesburg, unalipa hela yako asubuhi unaingia na chuma chako unazunguka mpaka uchoke, hakuna trafiki, hakuna tuta, hakuna mbuzi, wanaita traki dei. Sisi Moshi lami hiyo hatuna. Tuna shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa huko chini tambarare, upande wa mashamba ya miwa ya TPC, mwenye shamba tunamwachia hela ya soda, tunapanga matairi chakavu kwenye kona, mshkaji mmoja anashika simu kupima muda, basi na sisi tuko traki dei. Vumbi lake sasa, ukirudi nyumbani mbwa wako mwenyewe anakubwekea.

Chuma changu ni XL 125 ya zamani niliyouziwa na bwana shamba mmoja mstaafu, na mpaka leo naamini ile pikipiki ilizoea kupita kwenye migomba kwa mwendo wa kusalimiana na watu, haikutegemea kuanza maisha ya mbio uzeeni.

Sasa kona ya mwisho pana mgunga mkubwa na chini yake kuna mtu huwa anafunga ng'ombe, jike moja la madoa lina dharau sana. Siku ya tukio ilikuwa kiangazi kikali, akina mama wa mlimani walikuwa wameshuka kukata majani ya mifugo kama kawaida yao, na mmoja alishatua mzigo wake pale kivulini akaenda kuchota maji. Mimi nakuja, nimekolea, gia ya tatu inalia, nikamwona ng'ombe. Na pikipiki ina tabia moja mbaya, waendeshaji wote wa mbio watakwambia, unakoangalia ndiko inakokupeleka, macho yakiganda kwenye shimo utaingia shimoni hata kama barabara ina upana wa uwanja wa ndege wa KIA. Nikamwangalia ng'ombe. Ng'ombe naye akaniangalia. Tukaangaliana hivyo mpaka umbali ukaisha, vidole vikabana breki ya mbele vyenyewe bila kuniuliza, na breki ya mbele ukiibana ghafla katikati ya kona yenye vumbi, gurudumu linakuaga hapohapo. XL ikalala chini ikateleza kushoto, mimi nikaendelea na safari peke yangu, nikaingia kwenye mzigo wa majani nikitanguliza kichwa.

Ng'ombe wala hakushtuka. Alisogea hatua moja, akaanza kula majani yaliyonimwagikia begani.

Halafu nikasikia sauti, "Yesu wangu! Majani yangu!" Niko chini, pumzi haipo, mkono wa kulia hauinuki, washkaji wanakimbia kuja, na mama wa watu ananizunguka anapiga hesabu ya hasara, kwamba katoka Kibosho alfajiri, kwamba ameshatafuta gari la kupandishia, kwamba ng'ombe wake atakula nini, nitamlisha helmeti? Walimchangia hapohapo ndipo akakubali nibebwe. Tena akasaidia kunifunga mkono kwa khanga yake, na khanga nayo ikaingia kwenye hesabu.

Hospitali wakakuta mtulinga umepata ufa. Daktari kijana anajaza fomu, akauliza, "Umegongana na nini?" Nikamwambia majani. Akaweka kalamu chini. "Majani?" Nikamwambia ndiyo, ya ng'ombe. Akaniangalia muda mrefu kidogo, halafu akaanza kunipima kichwa.

Mtulinga ukaunga. XL nayo ikanyooshwa usukani, ikabadilishwa mkono wa breki na indiketa moja, ikawa nzima kuliko zamani. Kilichobaki kibovu ni mimi. Nikiiwasha tu goti la kushoto linaanza kucheza ngoma yake. Nikawa namdanganya mke wangu, mara plagi imekufa, mara kabureta inavuja, nikaishiwa vifaa vya kusingizia nikanunua turubai nikaifunika kabisa. Kazini naenda na daladala. Na pale Kiboriloni kijiwe cha boda kiko mita chache toka getini kwangu, kwa hiyo kila asubuhi napokelewa, "Mzee wa traki! Panda nikupeleke bwana, leo ng'ombe hawajatoka!"

Kila mtu akawa mshauri. Jamaa mmoja shabiki wa kutupwa wa MotoGP, zile mbio za pikipiki za dunia, akaja kunitia moyo, ananiambia mwangalie Marc Márquez, Julai 2020 alianguka pale Jerez akavunja mkono Jumapili, Jumanne wakampasua, Jumamosi yuko juu ya pikipiki. Nikamwambia malizia stori. Akawa anaangalia pembeni. Nikammalizia mwenyewe, kile chuma walichomwekea mkononi kilikatika nyumbani kwake akifungua dirisha, dirisha jamani, mwaka huohuo akapasuliwa mara tatu, na kushinda tena ilikuwa Juni 2021 kule Ujerumani. Sasa kama bingwa wa dunia dirisha lilimshinda, mimi mwenye duka la misumari unanipeleka wapi?

Mwingine angalau alikuwa na la maana. Akaniambia anza upya kama mtoto, nenda uwanja mtupu, zungusha duara pana gia ya kwanza, kichwa kigeuke kiangalie unakotokea, siyo gurudumu, duara ulipunguze kidogo kidogo, na breki uifinye taratibu kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Nikaenda uwanja wa shule ya msingi Jumamosi alfajiri ili nisionekane. Nilizunguka vizuri kabisa mpaka akatokea kuku. Nikarudi nyumbani naisukuma.

Sasa ikafika Krismasi. Anayejua Moshi mwezi wa kumi na mbili anajua, Wachaga wote duniani wanarudi, gari zimejaa mpaka kwenye buti. Mama mkwe wangu wa Marangu alikuwa kwetu toka tarehe 24, na tarehe 27 asubuhi kapigiwa simu kijana wa ng'ombe ametoroka, mifugo haijala. Noah zote za abiria zimejaa. Akakaa barazani akaangalia lile turubai.

"Baba Neema, hiyo siyo pikipiki?"

"Ni pikipiki mama, ila kabureta..."

Mke wangu, mwanamke niliyemtolea mahari, akasema, "Kabureta ulitengeneza mwezi wa kumi."

Ukiambiwa mkwe ni mkwe elewa. Nikafunua turubai. Mama akavaa helmeti juu ya kilemba, ikakaa hewani hewani hivi, akapanda upande upande kwa heshima zake, kapakata galoni la mafuta ya kula na kilo za sukari, mkono mmoja kanishika mkanda. Goti linacheza. Tukaingia barabara kuu ya kwenda Himo.

Basi la kwanza linakuja mbele, na mimi macho yote kwenye basi. Nikasikia po! kofi la helmeti. "Baba Neema, hilo basi ni la kwako?" Nikasema hapana mama. "Basi liache liende." Tukasogea, mbuzi pembeni, nikageuka. Po! "Huyo mbuzi ni wa kwako?" Hapana mama. Lori la kwenda Holili, po! Mlevi anavuka, anasalimia watu na barabara pia, po! "Huyo ni ndugu yako?" Ukweli yule alifanana na shemeji yangu lakini sikuthubutu kusema.

Pale Himo tukakunja kupanda Marangu, na ile njia kona zake mnazijua, mgomba huku, korongo kule, basi nikiona kona inakuja nawahi kupeleka macho kule inakoishia kabla mkono wa mama haujafika. Pikipiki ikawa inafuata tu yenyewe. Sijui ilikuwa kona ya ngapi nikagundua goti limetulia, hata sikuliona likitulia, nilikuwa bize kukwepa makofi. Kufika Marangu Mtoni kichwa kinalia kengele. Mama akashuka, akatikisa galoni kuangalia kama limevuja, akasema, "Aika," yaani asante kwa Kichaga. "Unaendesha vizuri, ila una macho ya umbea."

Januari nikarudi shambani. Washkaji wananitazama kwa huruma, mmoja kajitolea asimame mbele ya ng'ombe kumziba. Nikakataa. Nikaingia kona ya mwisho, ng'ombe yupo, tena kanenepa, nikaanza kuhisi shingo inavutwa, na wallahi nilisikia kabisa kisogoni, "Huyo ng'ombe ni wa kwako?" Macho yakaruka yakaenda kule kwenye tairi la kutokea, XL ikainama, ikapita. Nilikuwa wa mwisho kwa mbali sana, kuna dogo alinipita mara mbili na Boxer ya kazini bado ina karia ya kreti nyuma, lakini nilipita.

Ila siku hiyo mke wangu kaja na chai, na kaja na mama mkwe pia aliyeshuka kununua pumba. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki akaangalia kimya mpaka tulipozima mashine.

"Baba Neema."

"Naam mama."

"Mmetoka hapa."

"Ndiyo mama."

"Mkazunguka, mkarudi hapahapa."

"Ndiyo."

"Na mafuta mnajinunulia wenyewe?"

Kimya. Wanaume wazima, kila mmoja kashika helmeti yake anaikagua. Yule mshika simu akajitosa kutuokoa, akaeleza kwa adabu kwamba mama, siyo kuzunguka tu, hapa tunapunguza sekunde.

Mama akamgeukia. "Ukishazipunguza unazipeleka wapi?"