Umeshika namba ngapi?

Wiki ya kufunga shule hapa Tanga, watoto wanaorudi na baiskeli zao kupitia Ngamiani huulizana swali moja: "Umeshika namba ngapi?" Mzazi naye, kabla hajapokea begi, anauliza hilohilo. Nalitazama swali hili kwa wasiwasi, kwa sababu haliwaingii watoto wote kwa namna moja.

Wanasaikolojia wengi hupanga hulka za mtu katika makundi 5: bidii na mpangilio, udadisi, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na hofu. Malengo ya mwanafunzi nayo wameyagawa. Yuko anayetaka kulielewa somo lenyewe, yuko anayetaka kuwapita wenzake, na yuko anayeomba tu asiaibike. Hawa wawili wa mwisho wote wanawatazama wenzao, lakini mmoja anaufuata ushindi na mwingine anaikimbia fedheha. Tofauti hiyo, ambayo mwanasaikolojia Andrew Elliot ameitafiti kwa miaka mingi, ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Wanaosema mtoto huzaliwa alivyo wana hoja nzito. Mwaka 2009 mtafiti Arthur Poropat alikusanya matokeo ya tafiti nyingi, akakuta kwamba bidii na mpangilio ndiyo hulka iliyoendana zaidi na alama za darasani, hata akili ikiwekwa kando. Wadadisi huelekea kutaka kuelewa. Wenye hofu huelekea kukwepa aibu. Ila uhusiano huo ni wa wastani, na hapo ndipo nafasi ya mwalimu ilipo.

Chukua Kidato cha Kwanza. Binti aliyeng'ara darasa la saba kwa Kiswahili anakutana na baiolojia kwa Kiingereza. Anajibu, anakosea neno, darasa linaangua kicheko. Mchangamfu atacheka nao na kesho atanyoosha mkono tena. Mwenye hofu atanyamaza, pengine mpaka Kidato cha Nne. Kwenye ripoti ataandikiwa "hana juhudi". Juhudi anayo, ila anaitumia yote kujificha. Hapo tumemwita mvivu mtoto ambaye sisi wenyewe tumemfunza kunyamaza.

Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule 10 bora na wanafunzi 10 bora. Wapo waliosikitika, na siwapuuzi. Utafiti wa malengo unaonyesha mara nyingi kwamba anayetaka kuwapita wenzake hupata alama nzuri, wakati anayetaka kuelewa ndiye hubaki na mapenzi ya somo. Mitihani yetu inachuja watu kwa alama. Kumwambia mwanafunzi wa kidato cha nne asijali alama ni kumdanganya. Na kweli kuna vijana wanaoamka alfajiri kwa sababu tu jirani yao wa dawati aliwazidi alama 2.

Hata hivyo mizani yangu inaelemea upande mmoja. Mwenye kupenda ushindani hahitaji tangazo: atakwenda mwenyewe kuchungulia karatasi ya mwenzake. Mwenye hofu hana pa kukimbilia majina yanaposomwa mbele ya darasa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Tendo lile halimwongezei wa kwanza kitu kikubwa, na wa mwisho linamfunza kwamba usalama uko kwenye kimya. Namba ibaki, mzazi aijue, mtoto aijue. Kusomwa hadharani ndiko ninakokupinga.

Baraza halitangazi kumi bora tena, lakini darasani utaratibu ni wa mwalimu na shule. Kwa hiyo kwenye kikao cha wazazi cha muhula huu nitakwenda na maswali mawili tu: karatasi za mtihani zinarudishwaje kwa watoto, na aliyekosea anapewa nafasi ya kulirudia swali lake?