Matone ya pembe ya kulungu si dawa ya kidonda cha kisukari

Sijui kiungo kingine cha mamalia kinachofanya maajabu ya pembe ya kulungu dume, yaani yule ‘deer’ wa Ulaya, Asia na Amerika, si kulungu wa misitu yetu. Kila mwaka inaanguka yote, kidonda kinachobaki kwenye kisiki chake kinafunikwa na ngozi mpya ndani ya siku chache, kisha pembe nyingine inachipua palepale. Kwa kulungu wakubwa, kasi ikipanda, inaweza kurefuka karibu sentimita 2 kwa siku. Na si mfupa mtupu unaokua. Ni gegedu, ngozi yenye manyoya laini kama mahameli, neva na mishipa ya damu, vyote vikienda pamoja. Swala na nyati wetu hawana jambo hili. Pembe zao hazianguki.

Kwa hiyo siwashangai Wachina, ambao wameitumia pembe hii ikiwa changa katika tiba yao ya jadi kwa takriban miaka 2,000, wala siwashangai watafiti wa New Zealand, nchi inayofuga kulungu wekundu kwa ajili ya soko la China na Korea Kusini. Katika kituo cha utafiti cha Invermay walikuta kwenye ncha ya pembe inayokua protini iitwayo VEGF, ile inayoiamrisha mishipa mipya ya damu kuchipua. Baadaye mtafiti Chunyi Li na wenzake walitumia kwenye vidonda vya panya majimaji yaliyotokana na seli shina za pembe, yaani seli changa zinazoweza kuwa seli za aina nyingine, na vidonda vile vikapona upesi, tena kwa kovu dogo. Hiyo ni sayansi ya kweli na ningependa iendelee.

Ninachokipinga ni safari ya kutoka kwa panya yule hadi kwenye chupa ya matone ya pembe ya kumeza, inayouzwa mtandaoni kama dawa kwa mtu mwenye kisukari na kidonda cha mguu kisichofunga. Katikati ya safari hiyo hakuna kitu. Mwaka 2012 jarida la madaktari wa New Zealand lilichapisha mapitio ya majaribio 7 yaliyofanywa kwa binadamu kwa utaratibu mzuri. Yalihusu ugonjwa wa viungo, nguvu za michezo na tendo la ndoa. Wachambuzi hawakuona ushahidi wa kuridhisha, na hakuna jaribio hata moja kati ya hayo lililohusu kidonda. Wanaotangaza matone hawasemi hivyo. Wanasema pembe ina vichocheo vya ukuaji, yaani protini kama VEGF, kana kwamba kuwepo kwa protini ndani ya pembe kunatosha kuifikisha mguuni. Protini ukiimeza, tumbo linaivunjavunja kama linavyovunja yai. Ndiyo maana insulini hudungwa kwa sindano, jambo ambalo mgonjwa wa kisukari analijua kuliko yeyote.

Tuseme basi ingefika. Hapo ndipo hofu yangu inapokuwa kubwa zaidi. Wauzaji wanaitaja mishipa mipya ya damu kama neema tupu, lakini mwili wa mgonjwa wa kisukari una sehemu ambayo mishipa hiyo ni balaa, nayo ni jicho. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikikosa damu ya kutosha hutoa VEGF kwa wingi, mishipa dhaifu inaota mahali isipotakiwa, inavuja, na mtu anaweza kupofuka. Madaktari wa macho hudunga ndani ya jicho dawa ya kuizuia VEGF hiyohiyo. Mtu mmoja, ugonjwa mmoja: mguu unalilia mishipa, jicho linaomba isiote. Saratani nayo huvuta mishipa mipya ili ipate chakula, kama daktari wa Marekani Judah Folkman alivyoeleza tangu 1971. Kulungu mwenyewe haachi mambo yaende holela. Homoni za kiume zikipanda, damu inakatika kwenye pembe, ngozi inabanduka, mfupa unabaki mkavu. Matone ya chupani hayana breki hiyo.

Njia halali ipo na wengine wameshaipitia. Becaplermin, kichocheo kimoja cha ukuaji kilichotengenezwa kwa usafi na kuwekwa kwenye jeli, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa vidonda vya miguu vya kisukari. Hupakwa juu ya kidonda, kwa kipimo kinachojulikana. Hata hiyo, mwaka 2008 iliwekewa onyo kali kuhusu vifo vya saratani kwa waliotumia mirija mingi ya jeli hiyo, na onyo hilo liliondolewa 2018 baada ya ushahidi zaidi kupatikana. Hivyo ndivyo dawa inavyofuatiliwa. Chupa ya matone ya pembe haifuatiliwi hivyo. Hata kiasi cha protini kilichomo mara nyingi hakijulikani.

Mguu uliokufa ganzi haumwambii mwenyewe kwamba anaukanyagia kidonda. Anachohitaji ni kuuondolea uzito mguu huo, kidonda kisafishwe na nyama iliyokufa iondolewe, maambukizi yatibiwe, sukari ishuke, na mtu apime kama damu inafika kwenye vidole. Hayo yote yanadai muda, na kila wiki inayotumika kusubiri matone yafanye kazi ni wiki ambayo maambukizi yanaweza kufika kwenye mfupa. Mwenye kidonda kisichopona aende kliniki ya kisukari sasa, avue viatu na soksi mbele ya daktari hata kama hajaambiwa, na akiwa hapohapo aombe retina yake ipimwe.